Roshanak Anamwimbia Mama Yake Shiraz

Jumatano, 16 Desemba

Mume wangu Hushang kasema nikimsemesha tena mpira ukiwa unachezwa anahamia kwa dada yake. Kisha kanitupia hiki kitabu cha tarehe. Duka la nyama linakigawa bure kila mwaka, jalada lina picha ya kondoo. "Andika humo, Aghdas. Kondoo hachoki kusikiliza."

Haya, kondoo. Shule niliishia darasa la tano, herufi zangu zinapanda mlima zinashuka, ila nani atasoma? Leo saluni wateja sita. Mvua inanyesha Reseda kama imelipwa.

Alhamisi, 17 Desemba

Nyusi nne, masharubu mawili. Ya wanawake, usicheke.

Jumamosi, 19 Desemba

Leo Roshanak kaanza mambo yake mapya. Nimemtinda nyusi asubuhi, nikampaka wanja, nikampeleka ukumbini mjini kwa gari la Hushang, na Hushang ndani yake.

Huyu Roshanak ni wa kwetu kabisa. Mama yake, Bibi Esmat, nyumba yake ilipakana na yetu kule Shiraz, Iran, na ndiye aliyenitia uzi menoni mara ya kwanza akanionyesha nyusi inavyotindwa. Vita vilipochacha akamfungisha Roshanak safari na mjomba wake, mtoto ana miaka kumi na mitatu, wakaja huku Los Angeles. Mama akabaki. Roshanak akakua anaimba kwenye harusi zetu hapa Bondeni, upande huu wa mji tulikojazana Wairani, gauni la kumetameta, sura yake kwenye kanda kila duka la Mwirani. Halafu siku moja akaacha. Kasema kachoka kuimbia watu wanaotafuna kababu. Akaanza zile sanaa zake. Mara kakaa siku tatu kwenye jumba la makumbusho anafua zulia na kuimba, Wamarekani wamemzunguka kimya kama msibani. Gazeti lao likaandika ukurasa mzima. Watu wetu walicheka mpaka mbavu zikauma. Mahlagha, mwenye saluni ninayofanyia kazi, alisema, "Kwangu yapo manne. Mwambie aje ayaimbie na hayo."

Sasa hili jipya. Jukwaani kaweka ile meza fupi ya baridi, moto chini, mfarishi mkubwa juu, kama nyumbani. Anaingiza miguu. Anapiga simu Shiraz. Huku saa nne asubuhi, kwao usiku. Dada yake Sudabeh anamshikia mama simu sikioni, kwa sababu Bibi Esmat tangu kiharusi cha mwaka jana hasemi. Roshanak anamwimbia nyimbo za utotoni, moja, mbili, tatu. Akimaliza anaweka simu kwenye kipaza sauti, na mama anajibu kwa kugonga pete yake kwenye mkono wa simu. To. Kimya kirefu. To. Ukumbi mzima unasikia.

Basi nikalia mimi. Hushang alikoroma.

Wamarekani kumi na tisa. Kabla ya kuanza Roshanak aliniuliza, "Khale, wetu wamekuja?" Huniita khale, mama mdogo, ingawa si damu.

"Wapo njiani."

"Tangu mwaka tisini wapo njiani," akasema, akacheka.

Jumapili, 20 Desemba

Usiku mrefu kuliko wote wa mwaka, kwetu watu hukesha wakila matunda. Tikiti limetoka maji, komamanga zuri. Hushang kalala saa mbili.

Jumamosi, 26 Desemba

Wamarekani ishirini na wawili. Wetu: mimi. Bibi Esmat kagonga amechelewa tena, wimbo umekwisha kitambo. Roshanak kwenye gari anacheka, "Mama hakuwahi kushika mapigo hata mzima. Harusini alikuwa anapiga makofi watu wameshakaa."

Jumatano, 30 Desemba

Roshanak kapita saluni kunywa chai. Mahlagha akamchokoza, "Bibi msanii, na mimi nikimpigia mama yangu simu nitalipwa?"

"Ukiweza kuimba."

"Na kwa nini usiende tu ukamwone? Pasi ya kusafiria unayo."

"Nitaenda sikukuu ya mwaka wetu mpya, mwezi Machi, nikimaliza. Nimemwambia Sudabeh, mama akizidiwa hata kidogo aniambie. Naacha kila kitu, napanda ndege siku hiyo hiyo. Ni siku moja tu, Mahlagha jan, kipenzi. Siku moja nipo mlangoni."

Kasema hivyo, na mimi nilikuwa hapo na birika mkononi.

Jumamosi, 2 Januari

Ishirini. Mvua. Wetu: mimi.

Jumanne, 5 Januari

Kondoo, leo kaa vizuri.

Saa kumi na mbili alfajiri simu imelia. Sudabeh.

"Aghdas, uko peke yako?"

"Hushang yupo, ila ni kama kabati."

"Mama kapata kiharusi kingine. Yupo hospitali tangu juzi. Daktari kaniita pembeni, kasema siku kumi. Wiki mbili Mungu akipenda."

Nikakaa chini kwenye viatu, pale pale mlangoni. Nikamlilia, nikamwambia nikufie dada, nikufie, yule mama wa watu wote. Tukalia wote wawili na simu ya gharama. Halafu akaniuliza.

"Nimwambie Roshanak au nisimwambie? Wewe ndiye unamwona kila siku. Mimi kichwa hakifanyi kazi. Utakalosema ndilo nitafanya."

Sisi tumelelewa hivi: mtu wa ugenini habebeshwi habari mbaya. Yuko peke yake, hana wa kumshika mabega, hana jirani wa kumletea supu. Unamwandaa. Kwanza unasema anaumwa kidogo. Baada ya mwezi, bado anaumwa. Baadaye, tuombe Mungu. Mpaka siku moja mwenyewe anauliza, "Kafa?" na wewe unanyamaza tu, imekwisha, hakuna aliyemchoma kisu. Baba yangu alipokufa walinificha miezi mitano. Waliponiambia niliwashukuru mmoja mmoja.

Na Roshanak kabakiza Jumamosi tano. Kazi ya miaka miwili. Aiache, akimbilie Shiraz, akakae hospitali amtazame mama yake akizimika?

Nikasema, "Usimwambie. Mwache amalize. Halafu tutamwandaa."

Sudabeh akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mungu akuweke, Aghdas. Nilijua utasema hivyo."

Mvua imegonga bati la gereji siku nzima.

Alhamisi, 7 Januari

Nimemwambia Hushang. Sikulala siku mbili, ningepasuka.

Kazima televisheni. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijamwona akizima mpira. "Mwambie leo."

"Wewe hujui mambo haya."

"Sijui kitu. Mwambie leo, Aghdas. Mama ni wake."

Nikamwambia arudi kwenye mpira wake.

Jumamosi, 9 Januari

Sudabeh kapeleka simu ya mkononi hospitali. Roshanak hajui, anadhani ni nyumbani. Kaimba mbili tu maana laini ilikuwa inakatika. Akaweka simu kwenye kipaza sauti. Tukangoja. Tukangoja. Mmarekani mmoja akakohoa. To. Moja, ndogo, kama tone la bomba.

"Kachoka leo," Roshanak kasema kwenye gari. "Khale, kweli kachoka tu?"

"Wazee na baridi, mwanangu."

Jumanne, 12 Januari

Nilitaka kusema leo. Naandika ili ijulikane nilitaka.

Kaja saluni kutindwa. Kalala kwenye kiti, kafumba macho, shingo wazi. Nimeshakunja uzi, ncha moja menoni. Anayefanya kazi hii anajua: uzi ukiwa menoni huwezi kusema, ukifungua mdomo unamkata mtu.

Akaniuliza macho yamefumba, "Sudabeh kakupigia wiki hii?"

Nikafanya mm-mm.

"Mama hajambo?"

Nikafanya mm.

"Ningeenda sasa, khale? Moyo unanisukuma. Nifunge ukumbi, niende?"

Uzi menoni. Ningeutema. Ni pamba tu, unautema unakwenda. Nikatinda nyusi ya kushoto, nikatinda ya kulia, nikarudia ya kushoto ambayo haikuwa na kitu.

Alipoinuka akajitazama kwenye kioo akasema, "Umezifanya nyembamba mno," akanibusu, akaenda.

Alhamisi, 14 Januari

Bibi Esmat kafariki. Inna lillahi. Sudabeh kasema kafa kabla ya adhana, mikono bado ina joto.

Ijumaa, 15 Januari

Wamezika. Huku nimepika wali, nimeunguza.

Jumamosi, 16 Januari

Asubuhi nilimpigia Sudabeh nikamwambia, usipokee simu, sema laini mbovu. Akasema, "Nisipopokea atajua. Nyumba imejaa watu wa msiba, nitajifungia jikoni."

Wafiwa hawatindwi nyusi, kondoo. Kwetu mwanamke aliyefiwa haguswi uso mpaka arobaini, ndipo wakubwa wanamchukua kumsafisha. Mimi leo saa mbili asubuhi nimemtinda mfiwa, nikampaka na wanja.

Kaimba. Sauti ilikuwa nzuri kuliko zote. Akaweka simu kwenye kipaza sauti, na Shiraz ikagonga. To. To. Mara mbili, wazi. Roshanak akaweka mkono kifuani.

Jumanne, 19 Januari

Mafuriko. Barabara ya nyuma imekuwa mto, pipa la taka la jirani limepita mbele ya saluni kama basi. Hakuna wateja. Mahlagha na mimi peke yetu, chai, hita. Akaniambia, "Una nini wewe? Wiki mbili hujamsema mtu. Unaumwa?"

Nikamwambia. Mmoja tu. Nikamwapisha kwa roho ya mama yake.

Kalia kweli. Yeye aliyesema aje ayaimbie mazulia.

Jumamosi, 23 Januari

Wamarekani ishirini na tano. Wetu kumi na mbili! Wamama wa Encino, makoti mazuri. Roshanak kawaona kutoka nyuma ya pazia akanishika mkono, kucha zikaniingia. "Khale! Wamefika!"

Kaimba, wale kumi na wawili wakaanza kulia kabla hata ya ubeti wa pili. Simu ilipogonga, mmoja akapiga kelele akajiziba mdomo kwa mkoba.

Na Sudabeh, Mungu amsamehe, anagonga na kijiko cha chai, kwa mapigo ya wimbo. To, to-to. To, to-to.

Kwenye gari Roshanak alikuwa hatulii. "Umesikia? Kwa mapigo! Mama anapona, khale! Mwaka mzima hajaweza, leo kagonga kwa mapigo!"

Hushang ndiye anayeendesha. Kaniangalia kwenye kioo mpaka nikageuza uso.

Jumatatu, 25 Januari

Mteja wa saa tatu kajua. Mteja wa saa tano kajua. Wa saa saba kanisimulia mimi, "Usimwambie mtu, ila mama wa yule mwimbaji..." Nikafanya mm-mm, uzi menoni.

Jumamosi, 30 Januari

Ukumbi umejaa. Viti mia mbili. Wamarekani wamesimama kando kwa ukuta. Bonde zima limekuja: wanaume kwa tai, wamama na vitambaa vya machozi vimekunjwa tayari, vijana waliozaliwa huku wasioujua hata wimbo mmoja. Wamekuja kumtazama binti anayemwimbia mama aliyekufa, naye hajui. Wanalia kama mvua. Wanatoka wanakumbatiana mlangoni, wanasema hajawahi kuwepo mwimbaji kama huyu.

Roshanak alitoka nje wakambusu mikono. Mzee mmoja, ambaye miaka kumi iliyopita alimwambia usoni kuwa kaaibisha Wairani na lile zulia, leo kamwambia, "Binti yangu, tusamehe. Hatukukuelewa."

Kwenye gari kalia njia nzima. "Miaka ishirini nilikuwa nawangoja hawa. Sikutaka Wamarekani, khale. Hawa ndio niliowataka."

Jumamosi, 6 Februari

Leo ilikuwa iwe mwisho. Nilishapanga na Sudabeh: kesho anaanza kumwandaa, anaumwa kidogo.

Pazia likafungwa, watu wakakataa kuondoka. Meneja wa ukumbi akaja anasugua mikono. Roshanak akarudi jukwaani akatangaza anaendelea mpaka sikukuu ya mwaka wetu mpya, tarehe ishirini Machi, maana mwaka unageuka saa nne na nusu asubuhi, Jumamosi, saa yetu ile ile. "Nitageuza mwaka nikiwa na mama yangu kwenye simu. Anapata nguvu kila wiki, mnamsikia wenyewe. Halafu nakwenda kumwona."

Makofi. Watu mia mbili wanaojua, wanapiga makofi.

Nikampigia Sudabeh. Kasema, "Nitamwambiaje sasa anaumwa? Anasema anapona!" Halafu kasema, "Aghdas, wewe ndiye uliyesema."

Alhamisi, 11 Februari

Nyusi tatu. Hushang kala kanipa mgongo.

Jumamosi, 13 Februari

Wamejaa.

Jumamosi, 20 Februari

Wamejaa. Watu wa Irvine wamekuja kwa basi.

Jumatatu, 22 Februari

Arobaini ya Bibi Esmat. Tumeifanya nyumbani kwa Mahlagha, mapazia yamefungwa, magari tumeegesha mtaa wa nyuma ili asiyaone akipita. Watu sitini. Kila mtu yupo, isipokuwa mwanawe. Halua nimepika mimi, unga umeiva rangi ya dhahabu, zafarani, maji ya waridi. Wakati msomaji anasoma simu yangu ikatetemeka. Roshanak. Watu sitini wakaitazama simu ikitembea mezani. Hakuna aliyepumua mpaka ilipoacha.

Jioni kapita kwangu. Kanusa hewa. "Halua. Nani kafa?"

"Mjomba wa Hushang. Wa mbali."

Akaenda sebuleni kumpa Hushang mkono wa pole. Hushang kasimama, kaupokea, kasema ahsante. Alipoondoka Hushang kaniambia, "Hii ni mara ya mwisho unanitia kwenye uongo wako." Kalala sebuleni.

Jumamosi, 6 Machi

Wamejaa. Roshanak kakata tiketi, tarehe ishirini na mbili. Kanunua ndala za manyoya, namba thelathini na saba. Miguu ya mama yake ni midogo, kasema, kila mtu anamnunulia kubwa.

Kondoo, nataka kusema jambo. Lile la baba yangu. Nilisema niliwashukuru. Ni kweli, niliwashukuru, nilimbusu kila mmoja. Halafu nikajifungia chooni nikahesabu: miezi mitano nilikuwa nacheka. Kuna picha yangu ya mwezi ule aliokufa, nipo ufukweni Santa Monika na kofia ya kijinga. Nimeificha chini ya godoro miaka kumi na tisa. Sikushukuru. Hakuna anayeshukuru. Tunasema tu, kwa sababu waliotuficha nao walikuwa wanalia.

Kwa nini sikuandika haya Januari?

Jumatano, 10 Machi

Nimempigia Roshanak mara nne, nikakata kabla haijalia.

Alhamisi, 18 Machi

Nilikuwa kwake namsaidia kufunga mizigo. Sanduku wazi kitandani. Kengele ikalia.

Alikuwa Bibi Malektaj wa Encino, miaka themanini na mbili, mkongojo, nguo nyeusi juu mpaka chini, sahani ya tende na walnati, na halua imefunikwa. Alhamisi ya mwisho wa mwaka ni ya marehemu, na nyumba yenye msiba lazima itembelewe kabla ya sikukuu ya kwanza. Hiyo ni adabu, mtoto mdogo anaijua. Simlaumu. Arobaini imepita. Nani anamficha mtu baada ya arobaini?

Akaketi, akamshika Roshanak shavu. "Mungu amrehemu Esmat. Sikukuu ya kwanza bila yeye nzito, mwanangu. Sitakaa sana. Nimekuja tu usiwe peke yako."

Roshanak alikuwa na ndala moja mkononi. Hakumtazama Bibi Malektaj. Alinitazama mimi.

"Khale?"

Sikuwa na uzi menoni. Sikuwa na kitu chochote menoni.

"Lini?"

"Tarehe kumi na nne."

"Jumapili iliyopita?"

"Januari."

Bibi Malektaj akaweka mkono mdomoni. "Ee Mungu wangu. Hajui."

Roshanak akahesabu. Niliona midomo. "Jumamosi tisa," akasema. "Nani alikuwa anagonga?"

"Sudabeh. Kwa kijiko."

Hapo kidogo akacheka, naapa kacheka, pumzi tu. Halafu likaja lile nililokuwa naliogopa, nami nilidhani naogopa la mama yake peke yake.

"Na wale watu?"

Nikashika ukingo wa sanduku.

"Wetu. Kule ukumbini. Walikuwa wanajua?"

Bibi Malektaj ni mtu wa kweli, hajui kudanganya. Akamwambia kwa upole, "Mwanangu, Bonde zima linajua. Wote tumelia na wewe."

Roshanak akaweka ndala kwenye sanduku, vizuri, sambamba na mwenzake. Akaenda jikoni. Nikasikia birika. Karudi na chai ya mgeni, rangi yake sawa, bakuli la sukari, kamwinamia Bibi Malektaj akamkaribisha. Kamuuliza magoti yanaendeleaje. Kamuuliza wajukuu. Kala tende moja kwa heshima yake. Nusu saa nzima. Kamsindikiza mpaka kwenye gari na mwavuli.

Nilikuwa nimesimama mlangoni aliporudi.

"Ulipojua wewe, alikuwa hai?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Ndege ni siku moja," akasema. Akapita, akafunga mlango, mimi nikiwa nje.

Jumamosi, 20 Machi

Tumekwenda wote. Mahlagha alipiga simu nyumba kwa nyumba: sasa anajua, sasa tunaweza kumlilia hadharani, mtoto asiachwe peke yake. Bonde zima kwa nyeusi. Masinia ya halua yamepangwa meza ya mlangoni, msichana Mmarekani wa tiketi anauliza ni keki ya nini.

Mimi hakunipigia kuja kumtinda.

Pazia likafunguka. Meza hamna, mfarishi hamna, simu hamna. Kasimama na sweta ya kawaida, uso mtupu. Watu wakaanza kulia mara moja. Akangoja. Akangoja mpaka waliochoka kulia wakanyamaza wenyewe.

Akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, lakini ile sauti yake inafika. "Karibuni. Mmejisumbua, mvua yote hii. Ninaomba jambo moja. Ambaye hakujua, abaki. Aliyejua, tafadhali atoke. Msijisumbue kuniaga."

Hakuna aliyesogea. Tulidhani ni sanaa. Wengine nadhani walingoja aseme mara ya pili na ya tatu, kama mtu anavyokaribishwa. Hakurudia. Alisimama tu.

Aliyeinuka kwanza ni Hushang. Yeye ndiye pekee aliyesema mwambie, na ndiye aliyeinuka. "Twende, Aghdas."

Basi tukatoka. Mia mbili. Wazee, mikongojo, makoti, samahani, samahani, miguu inakanyagana. Mahlagha alisimama njiani akataka kupanda jukwaani amkumbatie, Roshanak akamwonyesha mlango kwa kiganja, hivi, kama unavyomwonyesha mgeni wa heshima. Wamarekani wanageuza shingo, hawaelewi. Nilipofika mlangoni nikatazama nyuma nikawahesabu waliobaki: kumi na mmoja. Wote Wamarekani. Katika watu wetu wote hakupatikana hata mmoja ambaye hakujua. Hilo ni langu, kondoo. Hilo nimelifanya kwa mdomo huu.

Mlango ukafungwa. Ni mizito ile milango, ya ukumbi wa muziki, haipitishi sauti. Watu wakaweka masikio. Hakuna.

Tukakaa barabarani na manyunyu. Redio kwenye simu ya mtu ikahesabu, ikasema mwaka umegeuka. Hakuna aliyembusu mwenzake. Halua ilikuwa inalowa, na halua ya marehemu haitupwi, basi tukaila, tumesimama, kwa vidole.

Baada ya saa moja wale kumi na mmoja wakatoka, macho mekundu. Yeye katokea mlango mwingine.

Jumatano, 24 Machi

Sudabeh kaenda kumpokea Roshanak uwanja wa ndege Shiraz na maua, kakaa mpaka abiria wa mwisho. Hakushuka. Simu yake imefungwa. Nyumba aliyopanga huku kairudisha kwa mwenyewe. Sudabeh ananililia kila siku, nami namfanyia mm, mm.

Jumamosi, 27 Machi

Nimekwenda ukumbini peke yangu, kwa basi. Msichana wa tiketi alikuwepo, anafagia. Kiingereza changu unakijua. Nikamuuliza, aliimba?

Aliimba, kasema. Karibu saa nzima. Alikuwa ndani, alibaki nao. Hajawahi kusikia kitu kama kile maishani mwake, mikono yake bado inasisimka, ona.

Nikamuuliza, aliimba nini?

Akainua mabega. Kwa lugha yenu, kasema. Maneno mengi. Mwanzoni kama anaongea na mtu, halafu wimbo. Hakuna aliyeelewa. Na kabla ya kuanza aliomba mitambo yote izimwe.

Nikamwomba anionyeshe ulivyokuwa, hata kidogo, hata sauti tu bila maneno. Msichana mzuri yule. Kaegemeza fagio, kafumba macho, kavumisha kidogo. Akasimama. Akaanza tena. Akatikisa kichwa akasema samahani, wimbo umeshamtoka.